Katalogi ya maktaba mtandaoni: Programu ni ya bure, kazi italipiwa na nani?

MKAZI wa Tukuyu anayehitaji kitabu cha sheria ya ardhi au cha kilimo cha migomba, na ambaye amekikosa mjini kwake, hana budi kupanda basi hadi Mbeya, umbali wa takriban kilomita 70, kukitafuta katika Maktaba ya Mkoa. Akifika huenda akakipata. Huenda pia akaambiwa kuwa hakipo, au kwamba kiliazimwa wiki iliyopita na hakijarudishwa. Nauli ya kwenda na kurudi imekwenda bure, na siku ya kazi imepotea.

Katalogi ya mtandaoni, yaani orodha ya vitabu vya maktaba inayoweza kusomwa kwa simu au kompyuta popote, ndiyo dawa ya safari za namna hiyo. Msomaji huona kitabu kipo maktaba ipi, kama kimo rafuni au kimeazimwa, na kinatarajiwa kurudi lini. Kwa hiyo anayenufaika zaidi ni yule aliye mbali na maktaba kubwa, na wilaya ya Rungwe ina watu wengi wa aina hiyo, kuanzia wanafunzi wa sekondari na wanachuo wa ualimu hadi wakulima wa chai na parachichi.

Swali linaloulizwa kila mara katika mipango kama hii ni la fedha, na mara nyingi huulizwa vibaya. Watu huanza kwa kuuliza bei ya kompyuta. Kompyuta ni sehemu ndogo ya gharama, tena ndiyo iliyo rahisi kufadhiliwa.

Kwa miongo mingi orodha ya maktaba ilikaa katika kabati la droo ndogo ndogo. Kila kitabu kilikuwa na kadi zake, kwa kawaida moja ya mwandishi, nyingine ya jina la kitabu na nyingine ya mada, pamoja na namba ya rafu iliyofuata mpango wa desimali uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Hapa nchini utaratibu huo ulisimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963 na ambayo sasa inafanya kazi chini ya Sheria Namba 6 ya mwaka 1975. Kabati halikuhitaji umeme wala nywila, lakini halikuweza kusomwa na mtu aliyeko Kiwira au Masoko.

Programu ya kuendesha katalogi mtandaoni inaweza kupatikana bila kulipa hata shilingi moja. Inayotumika zaidi ni Koha, ambayo hata maktaba za vyuo vikuu kadhaa nchini zinaitumia. Chimbuko lake lina mafunzo kwa wilaya kama Rungwe. Mwaka 1999 maktaba za Horowhenua, eneo la wakulima nchini New Zealand, zilikuwa na mfumo mkongwe uliohofiwa kushindwa kusoma tarehe za mwaka 2000. Mifumo ya kununua ilikuwa ghali, na matawi yake madogo yalihitaji kitu kinachoweza kufanya kazi kwa laini za kawaida za simu. Zikaamua kuwatafuta wataalamu wa kampuni ya Katipo Communications wawatengenezee mfumo wao. Ulianza kutumika Januari 2000, kisha ukaachwa huru kwa yeyote anayeutaka. Koha ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, hasa ile ambayo mpokeaji hutarajiwa naye kurudisha fadhila.

Fadhila yenyewe ni kazi, na hapa ndipo fedha zinapokwenda.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua maktaba yenye vitabu 10,000. Kila kitabu lazima kitolewe rafuni, ukurasa wake wa jina usomwe, taarifa zake ziingizwe kwenye mfumo, kibandikwe lebo yenye mistari kama ile ya bidhaa za dukani, kisha kirudishwe mahali pake. Mkutubi mzoefu akikamilisha vitabu 40 kwa siku, atahitaji siku 250 za kazi, yaani karibu mwaka mzima bila kufanya jambo jingine. Ikiwa ndiye pia anayehudumia wasomaji na kupokea ada za uanachama, na kwa hiyo anapata nusu siku tu, hesabu inakuwa miaka miwili. Mshahara wa mtu huyo, au posho ya watakaomsaidia, ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa katika maandiko ya miradi.

Ipo njia ya kupunguza mzigo huo. Mifumo ya kisasa inaruhusu kunakili taarifa za kitabu kutoka maktaba nyingine duniani bila malipo. Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa mfano, imekuwa na ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayokusanya vitabu vya Afrika Mashariki, hivyo hata vitabu vingi vya Kiswahili vilivyochapishwa Dar es Salaam vimekwisha kuorodheshwa huko. Vitabu vya Kiingereza vinavyoletwa nchini na shirika la Uingereza la Book Aid International huwa vyepesi zaidi kupatikana kwa njia hiyo.

Hata hivyo, kunakili si kumaliza. Mada katika orodha hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Rungwe atakayeandika neno "migomba" hataletewa chochote, ingawa kitabu anachokitaka kimo rafuni, kwa sababu kimewekwa chini ya jina la Kiingereza la ndizi. Mwanafunzi atakayeandika "Wanyakyusa" anaweza kukosa hata utafiti wa Monica Wilson, aliyeishi na jamii hiyo katika miaka ya 1930 na kuchapisha vitabu vyake katika miaka ya 1950, kwa kuwa huko ng'ambo jina hilo huandikwa bila kiambishi chake cha Kiswahili. Vijitabu vya historia ya makanisa na ripoti za halmashauri huenda visipatikane katika orodha yoyote ya nje, na hivyo ndivyo vitu ambavyo maktaba ya wilaya peke yake inaweza kuwa navyo.

Kuongeza maneno ya Kiswahili katika kila rekodi ni kazi ya mtu anayeijua lugha na anayeijua wilaya. Hakuna mfadhili wa nje atakayeifanya. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, katalogi isiyotafutika kwa Kiswahili katika maktaba ya umma ya Tanzania ni heri fedha zake zingenunua vitabu.

Sasa mifuko. Bodi ya Huduma za Maktaba iko chini ya wizara yenye dhamana ya elimu na hutegemea ruzuku ya Serikali. Halmashauri nazo zina mapato ya ndani, lakini yale yanayotokana na mazao yalipunguzwa mwaka 2017, ushuru uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Katika wilaya inayotegemea chai, kahawa, ndizi na parachichi, punguzo hilo si dogo, na maktaba hushindana na zahanati na madarasa. Upo pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha mawasiliano mahali ambapo kampuni za simu hazioni faida.

Ugumu uko katika aina ya fedha. Wafadhili hupenda kutoa fedha za maendeleo, zinazonunua kitu cha kukatiwa utepe. Katalogi inakula matumizi ya kawaida, ambayo ni ada ya intaneti ya kila mwezi, malipo ya seva, matengenezo na mshahara. Aidha, mwaka wa fedha huisha Juni 30, na fedha ambazo hazijatumika zinaweza kurejeshwa Hazina. Kazi ya miezi 12 inayopata fedha zake Machi imekwisha kujeruhiwa kabla ya kuanza.

Historia inaonya juu ya jambo hili. Wakati wa kampeni ya kisomo cha watu wazima katika miaka ya 1970, maktaba za vijiji zilifunguliwa sehemu nyingi nchini. Uchumi ulipozorota katika miaka ya 1980, nyingi zilififia. Vitabu vilichakaa bila vingine kuletwa, na walioziangalia hawakuwa na malipo ya kudumu.

Intaneti yenyewe si kikwazo kama zamani. Hadi mwaka 2009, ulipofika mkongo wa baharini wa SEACOM, nchi ilitegemea setelaiti, kwa bei isiyobebeka na maktaba ya wilaya. Kwa Tukuyu tatizo linalobaki ni umeme na hali ya hewa. Maeneo haya hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na radi zake huunguza vifaa. Seva ikae mahali pengine, na hapa zibaki kompyuta mbili zenye betri ya akiba.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kubana matumizi ni kuachana na wazo la kila maktaba kuwa na mfumo wake. Seva moja inaweza kubeba katalogi ya matawi yote ya mkoa, kila moja likiingiza vitabu vyake. Kitabu kikiorodheshwa mara moja Mbeya, nakala yake iliyoko kwingine huongezwa kwa dakika chache. Wanachuo wa ukutubi kutoka Bagamoyo, ambako shule ya fani hiyo ilianzishwa mwaka 1989, wanaweza kutumika wakati wa mafunzo kwa vitendo, mradi wasimamiwe na kupewa posho.

Vilevile sheria zihesabiwe mapema. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma kufuata viwango vya Mamlaka ya Serikali Mtandao katika miradi ya aina hii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inagusa majina na namba za simu za wanachama, pamoja na kumbukumbu za nani aliazima nini.

Na kabati la kadi lisiuzwe mapema. Lisubiri hadi vitabu vyote vihakikiwe rafu kwa rafu, kwa sababu kadi ambayo kitabu chake hakionekani ndiyo ushahidi pekee kwamba kitabu hicho kilipata kuwapo.