Nyumba ya kisasa msituni: somo kutoka China

Siku hizi mtu akipata kiwanja chenye miti, la kwanza ni kuita tingatinga. Miti yang'olewa, mwinuko wasawazishwa, ndipo ramani ya nyumba itafutwe. Mila ya ujenzi ya China yafundisha kinyume: itazame ardhi kwanza, nyumba ifuate.

Mfano uko karibu na Beijing, katika bonde lenye miti chini ya Ukuta Mkuu. Mwaka 2002 palifunguliwa hapo nyumba zilizochorwa na wasanifu 12 wa Asia. Mojawapo, kazi ya Mjapani, ni ya mianzi. Msanifu huyo hakukikata kilima apate uwanja tambarare. Sehemu ya chini ya nyumba yafuata mteremko ulivyo, kama Ukuta Mkuu wenyewe unavyofuata milima.

Kuta nyingi ni mianzi iliyosimamishwa kwa kuachiana nafasi, pamoja na vioo. Mwangaza wapenya, na nyumba haiko wazi kwa kila jicho. Kwa kuwa mwanzi huliwa na wadudu, ulipashwa moto mkali kabla ya kutumiwa.

Katikati pana chumba cha chai kilichozungukwa na maji. Aliyeketi humo auona Ukuta Mkuu kwa mbali. Hiyo si bahati. Mafundi wa bustani wa China wana kanuni ya "kuazima mandhari": mlima au msitu ulio nje ya ua wako huingizwa nyumbani kwa kuuachia uwazi wa kuutazamia. Ji Cheng aliieleza katika kitabu chake Yuanye, cha mwaka 1631. Basi ukiufyeka msitu, utaazima nini?

Tena nyumba hiyo haikuhitaji sanamu ya joka mlangoni wala paa la kujikunja ndipo ionekane ya Kichina. Kilichochukuliwa ni kanuni, si mapambo.

Nasi tuna zetu. Nyumba za mawe za Lamu zina daka la kumpokea mgeni, kiwanda cha ndani cha kuleta hewa na mwanga, na zidaka ukutani ambamo wazee walipanga vyombo vya kaure vya China. Vyombo vile vilivuka bahari, wakavipa nafasi ndani ya nyumba zao bila kuzibadili nyumba zenyewe. Kwa hivyo, kabla hujamlipa mchoraji wa ramani, mpeleke kiwanjani akaone upepo watoka wapi na mti upi ubaki. Usiache mbachao kwa msala upitao.