Edward Ory, Mpiga Tromboni Aliyefuga Kuku

Mwaka wa 1933, katika mji wa Los Angeles, upande wa magharibi wa Marekani, mwanamuziki mmoja wa umri wa makamo alikirudisha chombo chake ndani ya sanduku, akalifunga, akaenda kufuga kuku pamoja na ndugu yake. Mtu aliyepita pale kutafuta mayai asingeweza kudhani kwamba mikono ile iliyokuwa ikiwamwagia kuku chakula ndiyo iliyopiga tromboni katika santuri zinazosifiwa kuliko karibu zote katika muziki wa jazi. Mtu huyo aliitwa Edward Ory. Wenzake walimpa jina la Kid, maana yake Kijana, na jina hilo halikumwacha hata alipokuwa mzee mwenye mvi.

Ory alizaliwa siku ya Krismasi ya mwaka wa 1886 katika shamba kubwa la miwa liitwalo Woodland, karibu na mji mdogo wa LaPlace, katika jimbo la Louisiana. Shamba hilo lina habari zake. Mwezi wa Januari mwaka wa 1811 watumwa waliondoka papo hapo wakiwa na mapanga na silaha nyingine, wakaandamana kuelekea mji wa New Orleans kutafuta uhuru wao. Na ingawa walishindwa, wengi wakauawa vibaya, maasi hayo huhesabiwa kuwa makubwa kuliko yote yaliyofanywa na watumwa katika nchi ile. Ory alipozaliwa utumwa ulikuwa umekwisha futwa zaidi ya miaka 20, lakini kazi ya pale ilikuwa ile ile ya miwa na sukari. Baba yake alikuwa mzungu wa asili ya Kifaransa, na mama yake alikuwa wa damu ya mchanganyiko. Watu wa namna hiyo huitwa Wakrioli, na lugha aliyoisikia kwanza nyumbani haikuwa Kiingereza bali Kifaransa cha pale Louisiana.

Kijana huyu alipenda muziki kabla ya kuwa na chombo cho chote. Yeye na rafiki zake walikuwa wakikutana usiku juu ya daraja, gizani, kila mmoja akaishika sauti yake na kuivumisha kwa mdomo uliofungwa, mpaka wakajifunza kuzipatanisha sauti zao kama bendi kamili. Baadaye wakajitengenezea vyombo kwa maboksi ya sigara na vipande vya mbao. Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa mchezo wa watoto tu, kwa maana Ory alikuwa na akili ya biashara tangu mwanzo. Vijana hao walivua samaki, wakawakaanga, wakawaalika watu waje kula na kucheza dansi katika nyumba isiyokuwa na wenyewe, na kila aliyekuja alilipa. Fedha hizo hazikuliwa. Ory aliziweka akiba, na kwa akiba hiyo wakanunua vyombo vya kweli.

Siku moja alikwenda New Orleans kumtembelea dada yake, akanunua tromboni. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alipokuwa akiijaribu nyumbani kwa dada yake, mtu mmoja aliyekuwa akipita njiani alibisha hodi. Alikuwa Buddy Bolden, mpiga koneti ambaye siku zile hapakuwa na mwenye sifa kama yake katika mji ule wote. Bolden akataka kumchukua kijana yule katika bendi yake papo hapo. Dada yake akakataa, akisema kwamba bado ni mdogo mno. Basi Ory akarudi LaPlace. Mwaka wa 1907 Bolden alipatwa na maradhi ya akili, akapelekwa hospitali, wala hakutoka humo mpaka alipofariki mwaka wa 1931. Hakuna santuri hata moja ya koneti yake iliyobaki, na Ory hakupata nafasi ya kuwa mtu wa bendi yake. Wazazi wa Ory walikuwa wamekwisha kufa, naye alikuwa na wadogo wa kuwaangalia. Kwa hiyo alisubiri mpaka alipotimiza miaka 21 ndipo akahamia mjini.

Yafaa kueleza kidogo juu ya chombo chenyewe. Tromboni ni ya jamii ya tarumbeta, na wasomaji waliopata kusimama kando ya njia kuitazama bendi ya polisi ikipita watakuwa wameiona: ni ile ndefu ambayo mpigaji wake huusukuma mrija mbele na kuurudisha nyuma, kama seremala apigaye randa. Mrija huo una mahali 7 pa kusimama, lakini mahali hapo hapakutiwa alama yo yote. Mpigaji hupajua kwa mkono na kwa sikio tu, na akikosea kwa upana wa kidole sauti imekwisha haribika. Ugumu huo una faida yake. Kwa kuwa mrija unateleza, sauti nayo huweza kuteleza kutoka chini hadi juu pasipo kukatika, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, au anayeguna, au anayecheka.

Katika bendi za New Orleans koneti ndiyo iliyoushika wimbo wenyewe, na klarineti iliuzunguka kwa juu. Tromboni ilikaa chini, ikajaza nafasi, ikamwitikia mwenye koneti alipovuta pumzi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Ory, wala haieleweki vizuri na wale wanaopima ufundi kwa wingi wa sauti. Baadaye walitokea wapigaji wengi wenye wepesi kumshinda. Lakini akiondolewa yeye katika santuri zile za zamani, nyumba yote ingekosa msingi.

Namna yake ya kupiga ilipewa jina kutokana na magari. Siku zile, bendi iliyotaka kutangaza dansi ilipanda gari la kukokotwa na farasi, ikazungushwa mitaani ikipiga. Mpiga tromboni aliketi nyuma kabisa, ubao wa nyuma ukiwa umeshushwa, ili mrija wake usiwapige wenzake vichwani. Magari mawili yakikutana katika njia panda, watu walikuwa wakiyafunga magurudumu kwa kamba au minyororo ili bendi yo yote isiweze kukimbia, na hapo zikashindana mpaka watazamaji waonyeshe kwa makelele yao ni ipi iliyoshinda. Bendi ya Ory iliogopwa sana katika mashindano hayo. Ilipokwisha kushinda ilikuwa na wimbo wake wa kuwaaga walioshindwa, ambao maneno yake hayafai kuandikwa gazetini.

Tena Ory alitumia magari hayo kujitangaza mwenyewe, akatundika bango lenye jina lake, anwani yake na nambari ya simu, jambo ambalo wenzake wengi hawakuwa wamelifikiria. Aliajiri watu kwa kusikiliza, bila kujali ukubwa wa jina. Mpiga koneti wake alikuwa Joe Oliver. Mwaka wa 1918, Oliver alipohamia Chicago, Ory alimkumbuka kijana mmoja maskini aliyewahi kumsikia akipiga katika bendi ya nyumba ya kulelea watoto watundu, akamchukua kushika nafasi ile. Kijana huyo alikuwa Louis Armstrong, naye hakuwa amefika miaka 20.

Mwaka wa 1919 Ory aliuacha mji wa New Orleans kwa sababu ya afya yake, akaenda kukaa California, na baadhi ya watu wake wakamfuata. Huko Los Angeles, mwaka wa 1922, bendi yake iliingia katika chumba cha kurekodi. Santuri za kwanza za jazi zilikuwa zimetolewa mwaka wa 1917 na bendi ya wazungu kutoka New Orleans, na miaka 5 ilipita kabla ya bendi ya watu weusi wa mji ule kupata nafasi hiyo. Ory na wenzake ndio walioipata. Wenye shughuli hiyo walikuwa ndugu wawili weusi waliokuwa na duka la vyombo vya muziki, nao walibandika karatasi yenye jina lao la biashara, Sunshine, juu ya jina la kampuni iliyozitengeneza santuri. Wimbo mmoja uliitwa Ory's Creole Trombone, na ndani yake tromboni inasikika ikikoroma na kucheka kama mtu aliyefurahi.

Mwaka wa 1925 Armstrong, ambaye sasa sifa zake zilikuwa zimeenea, alimwita Chicago. Yule aliyeajiriwa sasa ndiye mwajiri. Ory akakubali bila ubishi, na tarehe 12 Novemba wakaanza kurekodi kwa jina la Hot Five: Armstrong, mke wake Lil akipiga piano, Johnny Dodds mwenye klarineti, Johnny St. Cyr mwenye banjo, na Ory. Mwaka uliofuata alipiga pia na Joe Oliver, na katika bendi ya Jelly Roll Morton. Katika miaka ile mitatu au minne ni vigumu kupata santuri kubwa ya muziki huo kutoka Chicago ambayo Ory hakuwamo.

Wimbo ulio mashuhuri kuliko nyimbo zake zote, Muskrat Ramble, ulirekodiwa mwezi wa Februari mwaka wa 1926. Miaka mingi baadaye Armstrong alidai kwamba ndiye aliyeutunga, na kwamba Ory aliupa jina tu. Hakulipeleka jambo hilo mbele zaidi. Haki ya wimbo ilikuwa imeandikwa kwa jina la Ory, na mbele ya sheria karatasi ina nguvu kuliko kumbukumbu. Mwaka wa 1950 Ray Gilbert aliutilia maneno, na mwaka wa 1954 kikundi cha dada watatu walioitwa McGuire Sisters wakauimba, ukauzwa nchi nzima.

Lakini kabla ya hayo ilikuja dhiki. Mwaka wa 1929 biashara ya Marekani ilianguka, watu wakaacha kununua santuri, na kumbi nyingi za dansi zikafungwa. Walioendelea kucheza dansi walitaka bendi kubwa za watu 12 na zaidi, zipigazo kwa kusoma karatasi. Ory alirudi Los Angeles, na mwaka wa 1933 akaacha muziki kabisa. Alifuga kuku. Baadaye akafanya kazi ya kupanga barua za reli, na kazi ya ufagizi. Alikuwa mtu wa miaka 46 alipoanza maisha hayo, na kwa karibu miaka 10 dunia haikumuuliza. Wenzake wengine wa umri wake walizama katika ulevi, wengine walikufa maskini. Oliver mwenyewe alifariki mwaka wa 1938, naye kazi yake ya mwisho ilikuwa kufagia chumba cha michezo katika jimbo la Georgia. Ory alishika mshahara wa kazi aliyoipata.

Mwaka wa 1942 Barney Bigard, mpiga klarineti wa New Orleans, alimtoa katika upweke huo. Kwanza hakupiga tromboni. Alipiga lile fidla kubwa la kusimama, na saksafoni. Kisha mwaka wa 1944 Orson Welles, mwigizaji na mtengenezaji wa sinema, akataka wazee wa New Orleans wapige kila juma katika redio. Ory akawa mmoja wao pamoja na Mutt Carey, Bud Scott, Ed Garland, Zutty Singleton, Buster Wilson na Jimmie Noone, mpiga klarineti mashuhuri.

Tarehe 19 Aprili ilikuwa siku ya kutangaza. Asubuhi Noone alifariki ghafula. Saa za redio hazingojei mtu, na watu walikuwa wamekwisha kaa tayari kusikiliza. Welles akawaambia wasikilizaji habari za msiba, na wazee wale wakapiga wimbo wa polepole wa maombolezo ambao Ory aliutunga siku ile ile, na mtu mwingine akaketi mahali pa Noone. Baadaye waliurekodi kwa jina la Blues for Jimmie. Waliousikia hawakuuliza tena kama Ory alikuwa bado ni mpigaji.

Mwaka ule ule Nesuhi Ertegun, mwana wa balozi wa Uturuki, na Marili Morden, bibi aliyekuwa na duka la santuri, walianzisha kampuni ndogo iitwayo Crescent kwa ajili ya kumrekodi Ory. Safari hii kazi haikukatika. Alionekana katika sinema, akazuru Ulaya mwaka wa 1956, na mwaka wa 1958 akawa na klabu yake mwenyewe San Francisco, On the Levee, ambamo yeye ndiye alikuwa mpigaji na ndiye mwenye mali, kama siku zile za kukaanga samaki.

Mwaka wa 1966 alistaafu, akaenda kuishi visiwa vya Hawaii. Mwaka wa 1971, akiwa na umri wa miaka 84, alirudi New Orleans kupiga katika tamasha la mji, na tarehe 23 Januari 1973 akafariki Honolulu. Amezikwa Culver City, kando ya Los Angeles, mji ule aliorekodi santuri zake za kwanza, na ule ule aliofugia kuku.