Fahamu: Kwa nini majani ya nyanya hugeuka manjano ndani ya kitalu nyumba

Majani ya nyanya zinazolimwa katika kitalu nyumba, yaani banda lililoezekwa kwa nailoni angavu, yanapogeuka manjano na mavuno kupungua, wakulima wengi hukimbilia kuongeza mbolea, ilhali dalili ya kwanza kuchunguzwa ni mahali umanjano ulipoanzia. Nitrojeni, kirutubisho kinachojenga klorofili ambayo ndiyo rangi ya kijani ya mmea, huhamishwa kutoka jani kuukuu kwenda jani changa, kwa hiyo upungufu wake huonekana kwanza chini ya mmea. Madini ya chuma hayahamishiki kwa urahisi, hivyo yakipungua hupauka majani ya kileleni, huku vishipa vyake vikibaki vya kijani.

Si kila upungufu, hata hivyo, humaanisha kwamba udongo hauna madini. pH, kipimo cha uchachu wa udongo, ikizidi 7, chuma hujifunga udongoni na mizizi ikashindwa kukifyonza, na umwagiliaji wa kupita kiasi, kosa la kawaida mno, huinyima mizizi hewa hadi mmea ukaonyesha njaa penye shibe.

Majani machanga yakijikunja kuelekea juu, yakadumaa na kuwa manjano pembezoni, kinachoshukiwa ni ugonjwa wa virusi ambao wakulima wa Tanzania huuita rasta, unaoenezwa na inzi weupe wanaojificha chini ya majani. Ugonjwa huo hauna dawa: mmea ulioambukizwa hung'olewa na kuteketezwa.