Mshahara wa Dereva Mpya wa Lori: Namna ya Kuupima

Vijana wengi wa wanachama wetu hupata leseni ya kuendesha magari makubwa, na msimu wa mazao uanzapo huitwa na waajiri zaidi ya mmoja. Swali lao la kwanza kwa katibu wa chama huwa: nani analipa zaidi? Jibu halipatikani kwa kutazama malipo ya mwezi mmoja.

Waajiri hulipa kwa njia kuu mbili: mshahara wa mwezi au malipo ya safari. Tuchukue mfano. Mwajiri wa kwanza anatoa shilingi 450,000 kila mwezi. Wa pili anatoa shilingi 100,000 kwa safari. Wakati wa mavuno, dereva wa safari akienda mara nane kwa mwezi hupata shilingi 800,000, na mwenziwe huonekana amepunjwa. Lakini mavuno yakidumu miezi minne, na miezi minane iliyobaki ikawa na safari mbili mbili tu, kwa mwaka atapata shilingi 4,800,000, hali mwenziwe amepata 5,400,000. Tena, anayelipwa kwa safari hushawishika kukesha barabarani, na usingizi huua dereva, utingo na wapita njia.

Posho ya njiani isihesabiwe kuwa mshahara. Hiyo ni ya chakula na malazi, nayo huishia huko huko safarini.

Kabla ya kushika usukani, dereva na aulize mambo manne:

1. Je, masharti ya kazi yameandikwa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ayatoe kwa maandishi. Madereva walipogoma nchini Tanzania mwaka 2015, mikataba ilikuwa miongoni mwa madai yao.

2. Saa za kazi ni ngapi? Saa za kawaida hazipaswi kuzidi 45 kwa wiki. Za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu.

3. Je, mwajiri anapeleka michango NSSF na katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Ajali ikitokea, ahadi ya mdomo haimlishi mjane.

4. Gunia likipungua, nani hulipa? Mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara apendavyo. Ni lazima kosa liwe la dereva, hesabu iandikwe, naye apewe nafasi ya kujitetea. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara.

Chama chenye lori lake nacho ni mwajiri. Basi kamati na ikijibu maswali haya manne kwanza, kabla ya kuwanyoshea wengine kidole. Haifai mkulima anayedai bei ya haki kwa pamba yake ampunje anayeipeleka sokoni.