Boksi la Sabufa na Chumba Chake

Spika ya besi isiyo na boksi haitoi besi ya maana, hata iwe ya bei kubwa na yenye sumaku nzito, kwa sababu koni inaposukuma hewa ya mbele huwa wakati huohuo inavuta ya nyuma, na mawimbi hayo mawili yanayokinzana, yakiwa marefu kiasi cha kuizunguka spika bila taabu, hukutana na kufutana. Kwenye hezi 20, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde, wimbi moja la sauti lina urefu wa mita 17 hivi. Kazi ya kwanza ya boksi, basi, ni kuyatenganisha mawimbi hayo, na aina zote za maboksi hutofautiana kwa namna zinavyolitendea wimbi la nyuma.

Njia iliyo nyepesi kueleweka ni kulifungia wimbi hilo ndani. Katika boksi lililozibwa kabisa, hewa hugandamizwa na kutanuka kadiri koni inavyokwenda na kurudi, ikafanya kazi ya springi. Mwaka 1954 Wamarekani Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, wakauza spika iliyotegemea springi hiyo ya hewa badala ya ugumu wa kingo za koni, na kwa hivyo boksi dogo likaweza kutoa besi ambayo awali ilihitaji kabati zima. Udhaifu wake ni kwamba chini ya masafa fulani, yaani idadi fulani ya mitikisiko kwa sekunde, sauti hupungua kwa desibeli 12 katika kila okteva, yaani kila masafa yanaposhuka kwa nusu.

Njia ya pili hulitumia wimbi la nyuma badala ya kulitupa. Wazo hilo, ambalo Albert Thuras wa maabara za Bell nchini Marekani alipewa hataza yake mwaka 1932, ni kutoboa boksi na kutia bomba, ili hewa ya bombani iwe uzito na ya boksini iwe springi, navyo viwili vivume pamoja kwenye masafa yaliyokusudiwa, kama chupa inavyovuma ikipulizwa mdomoni. Karibu na masafa hayo bomba ndilo linalotoa sehemu kubwa ya sauti huku koni ikitikisika kidogo sana. Gharama hujitokeza chini ya hapo: sauti huporomoka kwa desibeli 24 kila okteva, na koni, ikiwa imepoteza springi ya kuizuia, huweza kurukaruka hadi ikaharibika, ndiyo maana amplifaya nzuri ya sabufa ya aina hii huwa na kichujio kinachokata masafa ya chini mno.

Kwa muda mrefu vipimo vya boksi vilikuwa kwa kiasi kikubwa mambo ya kubahatisha, hadi mhandisi wa Australia Neville Thiele alipochapisha mahesabu yake mwaka 1961, yakaendelezwa na Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo spika inayouzwa ili iundiwe boksi huja na vipimo vinavyobeba majina yao, na vitatu havikwepeki: Fs, masafa ambayo koni huvuma yenyewe ikiwa nje ya boksi, Vas, kiasi cha hewa chenye ugumu sawa na wa kingo za koni, na Qts, inayoonyesha jinsi mvumo huo unavyodhibitiwa. Ichukuliwe spika yenye Fs ya hezi 25, Vas ya lita 100 na Qts ya 0.4. Katika boksi la lita 47 lililozibwa, sauti yake huwa imeshuka kwa desibeli 3 kwenye hezi 44; katika boksi la lita 80 hivi lenye bomba lililopimwa kwa hezi 25, kushuka huko hungoja hadi karibu na hezi 25 zenyewe. Lakini bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 litahitaji urefu wa sentimita 40, na kwa wembamba huo hewa huweza kupiga mbinja sinema inapofika kwenye mlipuko. Likipanuliwa kuwa sentimita 15, urefu hukaribia sentimita 95, nalo halienei boksini bila kukunjwa. Tundu lililokadiriwa kwa macho, ambalo mitaani si jambo la ajabu, haliwezi kutarajiwa kuangukia kipimo hicho.

Aina nyingine zipo. Boksi la vyumba viwili, ambalo spika imefichwa ndani na sauti hutoka kwa bomba pekee, hutoa kelele nyingi katika ukanda mwembamba wa masafa na hufaa gari kuliko sebule. Lile la tarumbeta, kama alilolibuni Paul Klipsch miaka ya 1940 akiifanya kona ya chumba kuwa sehemu ya mdomo wake, lina ufanisi mkubwa, ila ukubwa wake huwashinda wengi.

Muziki wa dansi au taarabu hauhitaji kina cha ajabu, kwa kuwa uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne hulia kwenye hezi 41. Filamu ni jambo jingine: katika mfumo wa 5.1 wa Dolby Digital, ile 1 baada ya nukta ni njia maalumu ya besi inayokomea hezi 120 kwa juu, ilhali kwa chini milipuko hushuka hadi hezi 20 na pengine zaidi.

Ndipo chumba kinapoingilia kati. Katika chumba chenye urefu wa mita 5, mvumo wa kwanza uko kwenye hezi 34; chini ya hapo chumba huongeza nguvu ya besi kadiri masafa yanavyoshuka, mradi kuta ni ngumu na milango imefungwa. Ongezeko hilo hufidia sehemu kubwa ya mteremko wa boksi lililozibwa, ilhali boksi lenye bomba katika chumba hichohicho huelekea kuvuma kupita kiasi. Kwa hiyo chumba kidogo cha matofali ya saruji, kinachotumika kwa muziki na sinema pamoja, hufaa zaidi boksi lililozibwa; sebule pana iliyoungana na mahali pa kulia, au yenye madirisha yanayokaa wazi kwa sababu ya joto, hukosa msaada huo na hudai bomba. Kwa vyovyote vile, lita zinazohesabiwa ni za hewa tupu, hivyo ujazo wa spika yenyewe, bomba na mihimili ya ndani huongezwa kwenye vipimo kabla mbao hazijakatwa.