Kaviari ya Aquitaine: Funzo la Subira kwa Wafugaji wa Samaki

Miongoni mwa maswali yanayofika katika Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi ya Halmashauri, limo hili: je, mfugaji wa samaki wilayani mwetu anaweza kufuga sturjeni na kuuza kaviari? Swali hili ni la haki, kwa kuwa kaviari ni miongoni mwa vyakula ghali zaidi duniani. Makala haya yanaeleza kaviari ni nini, namna eneo la Aquitaine, kusini-magharibi mwa Ufaransa, lilivyoifanya kuwa zao lake, na mambo ya kuzingatia kabla mwananchi hajatoa fedha yake.

Kaviari ni mayai ya sturjeni yaliyotiwa chumvi. Sturjeni ni samaki wa ukoo wa kale sana, ambao makao yao ya asili ni mito, maziwa na bahari za nusu ya kaskazini ya dunia. Badala ya magamba ya kawaida, mwili wake una safu tano za vigamba vigumu vya mfupa.

Katika mlango wa mto Gironde, wavuvi wa Kifaransa walianza kutengeneza kaviari kwa ajili ya soko katika miaka ya 1920, wakitumia sturjeni wa asili wa Ulaya. Tamaa ya mayai ilizidi uwezo wa mto. Samaki jike walivuliwa kabla hawajataga, mazalia yakaharibiwa, na ilipofika mwaka 1982 Ufaransa ilipiga marufuku uvuvi wa samaki huyo. Zao lililokuwa likilisha vijiji vya kando ya mto likakoma.

Aquitaine haikurudi mtoni, ilihamia mabwawani. Katika miaka ya 1970 watafiti walikuwa wameleta kutoka Urusi sturjeni wa Siberia, ambaye huweza kuishi maisha yake yote katika maji baridi yasiyo na chumvi. Baada ya miaka mingi ya majaribio, kaviari ya kufugwa ilianza kuingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 biashara ya kimataifa ya sturjeni wa aina zote iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, na hapo waliokwisha kujiandaa wakapata soko.

Kazi yenyewe yataka subira. Mfugaji hawezi kumtambua jike kwa macho. Samaki wafikapo takribani miaka mitatu, hulazimika kutumia kipimo cha ultrasaundi. Madume huuzwa kwa nyama, na majike huendelea kulishwa hadi kufikia takribani miaka saba au minane. Mayai huwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa samaki. Hutolewa, huchekechwa ili kutenganishwa na utando, huoshwa, hutiwa chumvi kiasi cha asilimia 3 hadi 5, kisha hufungwa katika makopo na kuhifadhiwa kwenye ubaridi. Kila kopo hubandikwa alama inayotaja aina ya samaki, nchi, mwaka na kiwanda.

Je, yawezekana kwetu? Sturjeni hupenda maji ya ubaridi. Nchini Madagaska hufugwa katika ziwa Mantasoa, lililo kwenye nyanda za juu, na kaviari yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2017. Hata hivyo, mradi wa aina hiyo huhitaji mtaji wa kulisha samaki kwa miaka mingi bila mapato ya mayai, ilhali sato wetu hufikia kuuzwa kwa miezi sita hadi minane. Aidha, kuingiza samaki hai kutoka nje ya nchi kunahitaji kibali cha Serikali chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Sharti hilo lina sababu: sangara alipopandikizwa katika Ziwa Victoria alileta biashara kubwa, lakini pia alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu.

Funzo la Aquitaine, basi, si kumfuga sturjeni. Ni kwamba thamani hutokana na vifaranga bora, kumbukumbu sahihi, usafi, na jina ambalo mnunuzi analiamini. Hata kwetu, bondo la sangara lililokuwa likitupwa leo hugombewa na wanunuzi. Sato na kambale wanaofugwa wilayani wanaweza kujengewa jina kwa njia hiyohiyo.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinakumbushwa kuwa ufugaji wa samaki ni miongoni mwa shughuli zinazoweza kuombewa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Na yeyote anayeshawishiwa kununua vifaranga vya samaki wa kigeni, asilipe chochote kabla ya kumwona Afisa Uvuvi na kuonyeshwa kibali. Ushauri huo hutolewa bila malipo.