Sisti za Taya: Kweli au Si Kweli?

Picha ya eksirei ikionyesha duara jeusi ndani ya taya, wengi hulipa jina moja tu: sisti. Lakini sisti ni za aina nyingi, na ukikosea aina umekosea na tiba.

"Duara jeusi kwenye ncha ya mzizi maana yake jino limeoza."
SI KWELI kila mara. Sisti ya ncha ya mzizi, inayoongoza kwa wingi, huota kwenye jino lililokufa kiini. Kwa hiyo jino lipimwe kwanza: daktari huligusisha pamba yenye baridi kali. Mgonjwa akisikia ubaridi ukaondoka mara moja, huenda jino ni zima. Nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu upo mfereji wa neva, nao huweza kuota sisti yake, ambayo kwenye picha huweza kuonekana kama iko kwenye ncha ya mzizi. Asiyepima atatoboa jino lisilo na kosa.

"Uvimbe uliozunguka gego lililokwama ni sisti ya kawaida."
SI KWELI kila mara. Sisti ya jino lililokwama huanzia shingoni mwa jino na kulizunguka taji lake. Ila keratosisti, aina nyingine ya sisti, na ameloblastoma, ambayo ni tyuma halisi inayokula mfupa, huweza kuonekana vivyo hivyo kwenye picha.

"Uso haujavimba, basi tatizo ni dogo."
SI KWELI. Keratosisti hutambaa ndani kwa ndani kufuata urefu wa taya. Inaweza kufika mbali kabla shavu halijavimba.

"Ikishatolewa, imekwisha."
SI KWELI. Keratosisti ina tabia ya kurudi, hata baada ya miaka mingi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la tyuma, na mwaka 2017 likairudisha kwenye sisti. Ukali wake haukubadilika. Kijana mwenye keratosisti kadhaa achunguzwe pia ugonjwa wa kurithi wa Gorlin.

"Kila kinachotolewa kipelekwe maabara."
KWELI. Kwa darubini, keratosisti hujulikana kwa utando wake mwembamba, wenye uso wa mawimbi na seli za chini zilizojipanga safu moja. Eksirei haioni hayo. Ukitolewa uvimbe wa taya, uliza bila woga: kipande kimepelekwa wapi, na majibu yanatoka lini?